Jiwe la Karanja

Siku ya kuniaga mlinipa blanketi na saa ya ukutani. Asanteni. Saa kwa mtu ambaye hana tena mahali pa kuchelewa, hiyo ni kazi ya kamati. Mkaniomba niseme maneno mawili, nami nikasema "asanteni" na "kunyweni chai", nikakaa. Si kwamba sikuwa na la kusema. Lilikuwa refu, na soda zilikuwa zinapata moto, kwa hiyo nimeamua kuliandika.

Vyeo sitaandika. Nani alipandishwa na kwa nini, hayo yako kwenye faili. Nitaandika juu ya mawe, na juu ya mtu aliyenifundisha mawe, na juu ya kriketi. Ndiyo, kriketi. Msicheke bado.

Mimi Mutua, Mkamba wa upande wa Yatta, nilianza kazi hii Ruiru katika miaka ya hamsini. Kontrakta wetu alikuwa na yadi karibu na reli. Mawe yalikuja kutoka machimboni yakiwa mabonge, yanachongwa pale yadi, kisha lori linayapeleka kwenye majengo, na mengi yalikwenda Thika. Nyinyi mmekuta msumeno wa mashine, jiwe linatoka limenyooka kama mkate wa dukani. Sisi tulikuwa na nyundo, patasi, na skweya moja ya chuma ya kupimia kona, tuliyoigombania kila asubuhi.

Siku yangu ya kwanza nilipewa bonge na patasi, nikaambiwa nitoe uso mmoja ulio sawa. Niligonga kutwa nzima. Jioni bonge lilikuwa limepungua nusu na uso bado haukuwa sawa. Fundi mkuu, Kalasinga mmoja aliyeitwa Gurdit, mwenye ndevu za mvi zilizofungwa vizuri kwa wavu, akaja akasimama mbele yangu.

"Veve iko chonga jiwe," akaniuliza kwa Kiswahili chake, "ama iko ua nyoka?"

Yadi nzima ilicheka. Mimi nilitamani kurudi kwetu nikachunge mbuzi. Fundi Gurdit hakunifukuza, alinichukua tu kwa mkono akanikalisha karibu na Karanja.

Karanja alikuwa Mkikuyu, amenizidi miaka kama sita, mtu mfupi mwenye kofia ambayo niliiona ikitoka kichwani mara moja tu. Alizaliwa ng'ambo ya mto Chania na alikulia Thika yenyewe. Alikuwa wa mkono wa kushoto. Jambo la kwanza aliloniambia ni hili: "Wewe Mkamba, patasi inashikwa kama kuku wa kuibiwa. Asitoroke, na asilie."

Jambo la pili ndilo lililonigharimu, kwa hiyo lisomeni vizuri. Jiwe lina mgongo na tumbo. Jinsi lilivyolala ardhini ndivyo linavyotaka kulala ukutani, mgongo juu. Kwa jiwe dogo la ukuta unaweza kukosea na Mungu akakusamehe. Lakini jiwe refu la juu ya mlango, lile linalobeba uzito likiwa limeshikwa ncha mbili tu, ukiligeuza litapasuka. Karanja alitia alama ndogo ya patasi kwenye mgongo wa kila jiwe refu. Alikuwa akisema, "Hiyo ni ya kumsaidia mtu mwenye haraka."

Na mistari yake! Mtu wa mkono wa kulia akimalizia uso wa jiwe, mistari ya patasi inalalia kulia. Ya Karanja ililalia kushoto, myembamba, imepangana, hakuna uliopanda juu ya mwenzake. Baada ya mwaka mmoja ningeweza kukuonyesha jiwe lake katika ukuta nikiwa ng'ambo ya barabara.

Sasa mjue zilikuwa siku za Emagensi, ile hali ya hatari ya mkoloni. Wakikuyu walikuwa wamewekewa mipaka. Karanja alilala kwenye kambi ya shamba la kahawa pale Ruiru, na pasi yake ilimruhusu njia moja tu: kambini hadi yadi, yadi hadi kambini. Thika iko pale pale, treni ya kwenda huko ikipiga honi yadi inasikia, lakini Karanja hakuwa ameikanyaga tangu mambo yaanze. Mama yake alikuwa amefariki huko, akazikwa yeye hayupo. Mimi Mkamba, askari alikitazama kipande changu, kitambulisho cha siku zile, akauliza maswali mawili, akaniambia pita. Haikuwa haki, lakini ndivyo ilivyokuwa, na mimi nilipita.

Jumapili Fundi Gurdit alicheza kriketi Thika, katika timu ya Wahindi wa mji. Uwanja ulihitaji mtu wa kuvuta gogo la jiwe la mviringo, linaloviringishwa ili kulainisha sehemu ya katikati, naye akaona mabega yangu yanafaa. Basi kila Jumapili asubuhi nilipanda lori pamoja na wachezaji, wao wamevaa nyeupe mpaka viatu, mimi na gogo langu nyuma. Kama hamjaona kriketi, ni hivi: mmoja anarusha mpira, mwingine ana kibao cha kuupiga, na nyuma yake vijiti vitatu ambavyo lazima avilinde. Akiupiga mbali, anakimbia kwenda na kurudi. Hizo ndizo mbio, na wenye mbio nyingi ndio washindi. Katikati wanasimama wanakunywa chai. Mechi ya kwanza nilidhani wamegombana, kumbe ni chai.

Jumatatu yake Karanja aliniita kabla ya king'ora, akanimiminia uji kwenye kifuniko cha mkebe wake.

"Nani alishinda?"

Nikamwambia.

"Na mji uliuona?"

"Mji gani? Nilivuta gogo, nikarudi."

Alinitazama kana kwamba nimekojolea jiwe. "Mutua, umeenda Thika ukaangalia nyasi? Jumapili ijayo, mechi ikiisha, shuka barabara kuu. Kuna duka la kona lenye veranda. Hesabu nguzo kutoka kushoto. Ya tatu ni yangu. Uniambie kama iko."

Ndivyo ilivyoanza. Mechi ikiisha jua bado liko juu, na lori lilikuwa halirudi mpaka wachezaji wamemaliza kusimuliana walivyocheza, jambo linalochukua muda kuliko mechi. Nilitembea Thika nikiwa na maagizo ya Karanja kichwani. Nguzo ya tatu ilikuwepo, mistari imelalia kushoto, na mwenye duka alikuwa ameegemeza baiskeli hapo. Jumapili nyingine nilitumwa kuangalia kipaji cha duka la vitambaa, pale juu walipochonga mwaka na jina la babu yao. Nyingine, madirisha ya kanisa. Nyingine, ngazi za hekalu, ambako mzee mmoja alinikuta nimepiga magoti nikipapasa mawe, akadhani nimekuja kusali, akanipa ndizi. Nyingine, ghala la stesheni, ambalo Karanja alisema kona yake ya nyuma ilijengwa na mlevi. Kweli, ile kona ilikuwa ya mlevi.

Mjue nilikuwa mgeni katika mji ule, lakini niliujua kama mwenyeji, kwa sababu niliuona kwa macho ya mtu aliyeutamani. Jumatatu nilisimulia kwa utaratibu ule ule: matokeo ya mechi kwanza, kisha jengo. Karanja alifumba macho. Wakati mwingine alinikatiza: "Na pale mbele, fundi cherehani bado yuko?" "Yuko." "Anakohoa bado?" "Bado." Alicheka peke yake, kisha king'ora kikalia tukashika nyundo.

Kuna kitu sijui nikiseme vipi. Nimejenga majumba makubwa tangu wakati huo. Sijawahi tena kuwa na mtu wa kunisubiri Jumatatu kwa hamu ile. Wale wanaonisubiri sasa ni daktari wa magoti tu.

Basi mwaka wa pili, ile timu iliamua kujenga nyumba ya mawe ya wachezaji pale uwanjani, na kazi ikaja kwetu. Fundi Gurdit alimpa Karanja jiwe la juu ya mlango. Futi tano na nusu. Karanja alilichonga kwa wiki tatu, hakutaka mtu alishike. Siku ya kulipakia kwenye lori alivua kofia. Naapa ndiyo siku niliyojifunza kwamba ana upara.

"Mimi siwezi kuingia Thika," akaniambia, "lakini hilo litaingia. Liweke vizuri."

"Nitaliweka."

"Alama iko mgongoni."

"Karanja, najua!"

Sikujua kitu. Lilifika limejaa vumbi la njiani, likapigwa mvua, likajipaka tope. Ilikuwa wiki ya mechi na wageni wa Nairobi, Fundi Gurdit anataka mlango uishe, na mimi akili yangu iko kwenye gogo na uwanja. Watu wanne tulilinyanyua, mimi nikiwa ndiye mkubwa wao. Kupangusa tope nione alama ni kazi ya kitambaa na nusu dakika. Sikupangusa. Tulijenga juu yake, na Alhamisi nikaamuru nguzo za mbao zitolewe chini yake.

Mlio wake ulikuwa mfupi. Tak. Halafu mchanga kidogo ukanimwagikia begani. Niliinua macho nikaona ufa umepita katikati ya mistari ya Karanja. Nilipangusa tope kwa kiganja upande wa chini, na hiyo hapo alama, inaniangalia. Nilikuwa nimeliweka tumbo juu.

Fundi Gurdit alikuja, akatazama ufa, akatazama alama, akanitazama mimi. Nilingoja anitukane. Heri angenitukana. Alisema tu, "Jumapili iko mechi. Chonga ingine."

Nilichonga siku mbili pale pale uwanjani bila kula vizuri. Nilijaribu kulalisha mistari kushoto, nikashika hata nyundo kwa mkono usio wake, nikajiponda kidole. Kucha ile mpaka leo imepinda. Haikuwezekana. Jiwe lililopanda juu ya mlango lilikuwa la mkono wangu, mistari imelalia kulia. Lile la Karanja vibarua walitaka kulipondaponda watie kwenye sakafu. Niliwakataza. Kile kipande kikubwa nilikilaza chini mlangoni kiwe ngazi, uso juu. Niliwaambia mistari inazuia viatu visiteleze. Ni kweli inazuia, lakini haikuwa sababu.

Jumatatu uji ulikuwa tayari.

"Nani alishinda?"

"Wageni."

"Na jiwe?"

Nilikuwa nimepanga kusema. Nilifungua mdomo, nikaona alivyoinama mbele na ule mkebe mkononi, mtu ambaye kitu chake kimoja tu duniani kimeruhusiwa kwenda kwao. Nikasema, "Limekaa. Kila anayeingia anainua macho."

"Wee!"

"Haki."

Vibarua walikuwa wa huko huko Thika, na Fundi Gurdit hakulitaja tena jambo lile. Uongo una njaa, vijana. Jumatatu iliyofuata akauliza tena. Nikasema jua la jioni linalipiga, mistari inaonekana mpaka katikati ya uwanja. Nikasema nahodha wa wageni aliuliza aliyelichonga. Na kwa kuwa nilishaanza, nikaongeza chumvi hata kwenye mechi: mipira ikaenda mbali kuliko ilivyokwenda, Fundi Gurdit akapata mbio ambazo magoti yake yasingezikubali. Karanja alizidi kufurahi. Mimi Jumapili nikawa naogopa Jumatatu. Kwa miaka miwili na zaidi nilikunywa uji wa mtu yule nikimdanganya.

Halafu mambo yakaanza kulegea. Asubuhi moja Karanja alifika yadi na pasi mpya, anaipunga juu kama mtoto aliyepewa peremende. "Mkamba! Jumapili naenda kwetu!"

Nilimkumbatia. Nilifurahi kwa moyo wangu wote, kisha nikakumbuka ule mlango.

Jumapili alikuja amevaa koti. Kwenye lori nilisema moyoni, nitamwambia tukifika darajani. Darajani alikuwa anaonyesha wachezaji upande wa kwao na machozi yanamtoka, ningesemaje? Nikasema basi, dukani. Dukani aliweka kiganja juu ya nguzo ya tatu, akamwamkia mwenye duka, akamuuliza habari za watoto mmoja mmoja. Fundi cherehani alimwona akaacha mashine. "Karanja! Ngai! Tulidhani umekufa!" Walishikana mikono kwa muda mrefu. Nikasema, uwanjani.

Uwanjani alitembea moja kwa moja hadi mlangoni. Akainua macho. Mimi nilikuwa nyuma yake, nimeshika kamba ya gogo. Alitazama kwa muda wa kutosha mtu kusema Baba Yetu. Wachezaji walikuwa wanaingia na kutoka, akaona anawazuia, akasogea, akakaa pembeni kwenye ngazi.

Mechi ikaanza. Nilivuta gogo, nikarudi, nikakaa karibu naye. Mkono wake wa kushoto ulikuwa chini, kwenye ngazi, vidole vinatembea polepole juu ya mistari. Vinakwenda, vinarudi. Fundi Gurdit alipiga mpira mzuri, watu wakashangilia, Karanja hata hakugeuka. Ilipofika saa ya chai akasema, "Mutua."

"Naam."

"Mbona nimelikalia jiwe langu?"

Nilimwambia yote. Tope, haraka, alama, ule mlio. Nilimwambia juu ya siku mbili zangu na kidole changu. Nilitazama nyasi nikisema, na sikuweza kunyamaza mpaka nikamaliza.

"Uliweka tumbo juu," akasema.

"Ndiyo."

"Mawe yanapasuka. Mimi mwenyewe nimepasua matatu. Ungeniambia ningekutukana, tungekunywa uji, ningechonga lingine." Alipitisha tena vidole juu ya jiwe. "Miaka miwili, Mutua, usiku kambini nilikuwa nafumba macho napita chini ya mlango huo. Ndiyo njia niliyokuwa naingilia mjini."

Niliikunja kamba ya gogo, nikaikunjua, naye akaendelea kuuliza.

"Na ule mpira wa Fundi uliovuka mto?"

"Haukuvuka. Uliishia kwenye ua wa michongoma."

"Na ngazi za hekalu? Ile ndizi?"

"Hiyo kweli. Karanja, hiyo ni kweli kabisa!"

"Nitajuaje?" akaniuliza. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu aliyepoteza kitu na anaomba msaada wa kukitafuta. "Sasa nitajuaje ni ipi ya kweli?"

Wachezaji walirudi uwanjani. Karanja aliondoa mkono kwenye jiwe, akaweka kofia sawa, akanigeukia.

"Anza upya," akasema. "Jumapili ya kwanza. Nani alishinda?"

Nikaanza. Nilisimulia mechi mpaka mechi iliyokuwa mbele yetu ikaisha bila sisi kuiona. Tulishuka barabara kuu nikiwa bado nasimulia, na kila jengo nililolitaja tulilisimamia, akaligusa, akasema "haya" au "hapa ulinidanganya". Lori lilituacha. Fundi Gurdit alipiga honi mara tatu, akakata tamaa. Tulirudi kwa treni ya jioni, nami nikasimulia mpaka Ruiru.

Karanja alifanya kazi nasi miaka michache tu baada ya hapo. Alipata shamba upande wa Nyandarua, akahamia huko na familia yake, na huko ndiko alikolala. Nilifika mazishini nimechelewa, kwa sababu ya barabara. Kaburi lake lina jiwe la mashine. Nililitazama nikaona aibu kwa niaba yetu sote.

Vijana, pangusani tope mtafute alama. Ni nusu dakika. Na ukipasua jiwe la mtu, mwambie mwenyewe Jumatatu ya kwanza, kabla uji haujapoa.

Nyumba ile ya wachezaji bado iko. Siku hizi sina pa kwenda, basi Jumapili napanda gari nashukia Thika, nakaa pale kwenye ngazi, na mkono nauweka kwenye mistari inayolalia kushoto. Watu wanadhani ni mzee anayeongea peke yake. Wacha wadhani. Namwambia Karanja nani alishinda. Namwambia kwamba fundi cherehani alimwachia mtoto wake mashine, na kwamba nguzo ya tatu wameipaka rangi ya kijani, Mungu awasamehe. Namwambia jiwe la juu ni langu. Kisha namhesabia mbio kama zilivyokuwa, na siongezi hata moja.